Mbunifu wa Michoro katika Shirika la Vijana: Kazi Yake, Wajibu Wake na Haki Zake

Mazungumzo kwa vikundi vya vijana vya Kaunti Ndogo ya Seme, Kombewa



Mada ya leo inamhusu mtu ambaye kazi yake huonekana kila mahali lakini jina lake ni nadra kutajwa. Ukiingia hospitalini, bango lililo ukutani ni kazi yake. Ukienda ufuoni, tangazo la mkutano lililobandikwa kwenye banda la kupimia samaki ni kazi yake. Fulana za siku ya kufanya usafi sokoni, nembo iliyo kwenye barua ya kikundi, picha inayotumwa kwa simu kuwaita vijana kwenye mafunzo, zote zimepitia mikononi mwake. Huyu ndiye mbunifu wa michoro, ambaye vijana wengi humwita dizaina. Mazungumzo haya yanamwangalia hasa yule anayefanya kazi katika shirika dogo la vijana lisilo la kibiashara, kwa sababu huko ndiko wabunifu wengi wa kaunti hii wanakoanzia, na huko ndiko makosa madogo huumiza watu wasio na wa kuwatetea.

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi hudhani kwamba mbunifu ni mtu wa kupamba. Shirika likishaandika ujumbe wake, yeye huletewa mwishoni aweke rangi. Fikira hiyo ndiyo chanzo cha mabango mengi yasiyosomwa. Kazi ya mbunifu ni kufanya jambo lieleweke na mtu mwenye haraka, aliyesimama mbali, ambaye huenda hasomi vizuri na hakuja pale kusoma bango. Uzuri husaidia, lakini uzuri usioeleweka ni hasara iliyochapishwa.

Pwani hii ya Nam Lolwe ina wabunifu tangu zamani, hata kabla ya kompyuta. Tazameni mitumbwi: majina yake huandikwa kwa herufi kubwa na rangi kali ili yasomwe kutoka majini. Fundi anayeandika jina la mtumbwi anajua kwamba njano juu ya buluu huonekana mbali, na kwamba herufi nyembamba hupotea jua linapopiga maji. Mtu yuleyule huandika mlango wa duka la dawa, kibanda cha kinyozi na mbao ya gereji ya pikipiki. Kijana anayetaka kujifunza kazi hii asimdharau fundi huyo. Kompyuta ina mambo yake, lakini jicho linalopima umbali na mwanga hupatikana kwa kutazama.

Kwa nini Seme inamhitaji

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu, na kati yao 121,667 walikuwa wakazi wa Seme. Watu hao hawapati habari kwa njia moja. Wako wanaosikiliza redio kwa Dholuo, wako wanaosoma Kiswahili, wako wanaosoma Kiingereza shuleni tu, na wako wasiosoma kabisa. Barua ndefu iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi haiwafikii wote hao. Mchoro mzuri una nafasi kubwa zaidi ya kuwafikia.

Chukueni mfano wa malaria, jambo ambalo watu wa hapa hawahitaji kuelezwa. Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya Kenya, pamoja na Siaya na Kilifi, vilivyoshiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio hilo lilianza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Wazazi wa eneo hili walikubali watoto wao washiriki wakati ambapo hakuna aliyejua matokeo. Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa katika kaunti za magharibi mwa Kenya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria nyingi.

Ratiba ya chanjo ilipoanzishwa mwaka 2019 ilikuwa ya dozi nne: miezi 6, miezi 7, miezi 9 na miezi 24. Dozi tatu za kwanza hufuatana karibu karibu. Ya nne kwa ratiba hiyo ilikuja baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu, wakati mtoto anatembea, anakula chakula cha wakubwa, na mama hana tena mazoea ya kwenda kliniki. Hapo ndipo mama husahau. Hasahau kwa uzembe, bali kwa sababu hakuna kitu mbele ya macho yake cha kumkumbusha. Hapo mbunifu ana kazi yenye maana kubwa kuliko nembo yoyote. Anaweza kuchora kalenda ndogo ya kutundika jikoni yenye mtoto anayekua katika picha nne: wa kwanza amelala, wa pili anashikiliwa akae, wa tatu anatambaa, wa nne anatembea huku ameshika mkono wa mama. Mama asiyesoma atatazama picha ya nne, atamtazama mtoto wake, na atajua kwamba siku imefika. Kikundi cha vijana kinachokaa na wahudumu wa afya ya jamii kinaweza kutengeneza kitu kama hicho kwa gharama ndogo, kikishahakikishiwa na wahudumu ratiba inayotumika sasa.

Mifano ya kujifunza

Kenya ina mifano ya kutosha ya vijana waliotumia kuchora na picha kuisaidia jamii yao. Hakuna haja ya kwenda mbali.

Hapa Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, kituo cha Pandipieri kilianza katika miaka ya 1970 kwa juhudi za Padri Hans Burgman, Mholanzi aliyekuwa pia mchoraji. Kituo hicho kiliweka sanaa pamoja na huduma za afya na malezi ya watoto wa mitaani. Wazo lake lilikuwa kwamba kijana maskini anahitaji chakula na dawa, lakini anahitaji pia njia ya kusema anachokiona.

Jijini Nairobi, Mathare Youth Sports Association, inayojulikana kama MYSA, ilianzishwa mwaka 1987 kama mashirika mengi ya vijana yanavyoanza, kwa mpira wa miguu na usafi wa mtaa. Mwaka 1997 vijana 31 wa mpango huo walipewa kamera za bei nafuu wapige picha za maisha yao wenyewe. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1999, kikiitwa Shootback. Kabla ya hapo picha nyingi za Mathare zilipigwa na wageni waliokuja kutafuta matope na huzuni. Vijana walipopiga wenyewe, matope yalikuwepo, lakini palikuwepo pia rafiki, mchezo, jikoni na kazi. Mtu anayeishi mahali huona vitu ambavyo mgeni hupita bila kuviona.

Kibera kuna kikundi cha Maasai Mbili, kilichoanzishwa mwaka 2001 na waandishi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota. Walitoka kwenye kazi ya kuandika mbao za maduka wakafika kwenye sanaa inayojulikana nje ya nchi, na studio yao ikabaki palepale mtaani. Na wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, msanii wa Kibera anayejulikana kama Solo 7 alizunguka mtaani akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango. Alikuwa na brashi na rangi tu, katika siku ambazo watu wengine walikuwa na mapanga.

Mwaka 2010 likaanza jarida la katuni la Shujaaz, linalotolewa bure na kuandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na ajira anayeendesha redio yake kwa siri nyumbani kwao. Kupitia hadithi yake vijana walijifunza kuhusu kilimo, fedha, afya na uongozi. Mwaka 2012 Shujaaz ilipata Tuzo ya Emmy ya kimataifa. Siri yake ilikuwa lugha. Vijana waliposoma walisikia sauti zao wenyewe, wala hawakusikia sauti ya ofisi.

Na katika kaunti hii hii, kwenye ufuo wa Nduru kule Nyakach, wanawake waliochoshwa na jaboya waliamua kuanzia mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao. Jina la kikundi chao lilisema wazi, kwa maneno manne ya Kiingereza, kwamba samaki hawatanunuliwa kwa mwili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kikundi kinataka nini. Mbunifu akiletewa ujumbe wa sentensi kumi, na akumbuke maneno manne ya wanawake wa Nduru.

Kazi inavyofanywa

Mbunifu mzuri hafungui kompyuta kwanza. Huuliza maswali. Bango hili ni la nani? Litabandikwa wapi? Atakayeliona anatakiwa kufanya nini baada ya kuliona? Swali la tatu ndilo gumu, na mara nyingi ofisi yenyewe haijalijibu. Bango linalosema "Tuungane kupambana na malaria" halimwambii mtu afanye lolote. Bango linalosema "Mtoto ana homa? Mpeleke apimwe leo" lina kazi ya kufanya.

Baada ya maswali huja lugha. Katiba, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Inaitaka pia Serikali iendeleze lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kwa kazi ya Seme, tangazo la ufuoni likiandikwa kwa Dholuo husomwa na wengi. La sokoni au la stendi ya matatu, ambako hupita watu wa kila kabila, lifae kuwa kwa Kiswahili. Lisilofaa ni kuweka lugha tatu kwenye karatasi moja mpaka herufi zikawa ndogo kama punje za ulezi. Afadhali mabango mawili yanayosomeka kuliko moja linalotaka kumridhisha kila mtu.

Kisha huja vipimo. Waandishi wa mabango wana kanuni nyepesi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa karibu sentimita 2.5. Bango la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 12, linahitaji herufi za sentimita 10 kwa maneno makuu. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420, kwa hiyo haiwezi kubeba maneno mengi ya namna hiyo. Ukikubali kanuni hii, utapunguza maneno upende usipende.

Rangi nazo zina desturi yake. Skrini ya simu hutoa rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapisha hutumia wino wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Ndiyo maana kijani kilichong'aa kwenye simu hutoka kimefifia kwenye karatasi, na kikundi humlaumu mchapishaji bure. Mbunifu aandae kazi ya kuchapishwa kwa rangi za wino, picha ziwe na nukta 300 kwa kila inchi, na aombe nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapisha mia tano. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp huwa imebanwa; ikikuzwa kwenye bena, uso wa mtu hugeuka vigae. Mpigapicha na aitume kama faili, si kama picha ya kawaida.

Hatua ya mwisho kabla ya kuchapisha ni kuijaribu kazi kwa watu. Mbunifu achukue mchoro wake, aende nao kwa watu watano ambao si wanachama wa kikundi: mama wa sokoni, mvuvi, mwendesha boda boda, mwanafunzi, mzee. Asiwaulize kama ni mzuri, maana kwa adabu watasema ni mzuri. Awaulize unasema nini. Wawili wakisema kitu tofauti na kilichokusudiwa, mchoro haujaiva. Jaribio hili ni nusu siku ya kutembea, na linaokoa fedha za wafadhili na za wanachama.

Picha ya mtu si mali ya shirika

Sasa tufike mahali penye uzito kuliko yote. Mashirika ya vijana hufanya kazi na mambo ya siri: virusi vya ukimwi, mimba za mapema, dhuluma za kijinsia, dawa za kulevya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Kaunti ya Kisumu, asilimia 17.5 walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi. Kila shirika linataka kutoa ujumbe kuhusu jambo hilo, na kila mbunifu hutafuta uso wa kuweka kwenye bango.

Uso huo ni wa nani? Jijini Nairobi, msichana akionekana kwenye bango la kupima virusi, watu hupita tu, hawamjui. Kombewa si hivyo. Hapa atatambuliwa na mwalimu wake, na shangazi yake, na mama anayemuuzia omena, na vijana wa stendi. Bango halikusema kwamba ana virusi. Lilisema tu "Jua hali yako". Lakini kijiji kitaongeza maneno yake. Bango litachakaa baada ya mvua mbili. Maneno hayatachakaa. Huenda msichana akaacha shule, huenda posa ikavunjika, na shirika lililotaka kupunguza unyanyapaa litakuwa limeuleta mlangoni kwake.

Kwa hiyo kuna kanuni ambazo mbunifu hapaswi kuzivunja hata mkurugenzi akiwa na haraka.

Kwanza, ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe lazima yalinde maslahi ya mtoto. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Fedha hizo zingeendesha kikundi cha kijijini kwa miaka mingi.

Pili, ridhaa iwe ya kueleweka. Kusaini orodha ya mahudhurio ya semina si kukubali kuwekwa kwenye bango. Mtu aelezwe picha itatumika katika ujumbe gani, itaonekana wapi, kwa muda gani. Aonyeshwe bango lenyewe kabla halijachapishwa, maneno na picha pamoja, maana picha ileile ya msichana anayecheka ina maana moja kando ya maneno "Karibu maktaba" na maana nyingine kando ya maneno "Nilibakwa".

Tatu, mtu ana haki ya kuondoa ridhaa yake. Aliyekubali akiwa na miaka 19, bila mchumba, anaweza kukataa akiwa na miaka 24. Mbunifu aweke kumbukumbu ya kila picha: nani, lini, kwa kazi gani, ili siku hiyo ikifika aweze kuiondoa kwenye mitandao ya kikundi bila kubishana. Mtu akikataliwa haki hiyo, anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka malalamiko hayo yamalizwe ndani ya siku 90.

Nne, kwa mambo ya siri, chora. Hii ndiyo faida ya mbunifu juu ya mpigapicha. Mchoro wa msichana hauna shangazi. Mchoro unaweza kuwa na kitenge cha kwetu, ziwa na mtumbwi nyuma yake, mti wa mwembe na paa la mabati, hivyo kila mtu akajua ni hapa, bila yeyote kuonyeshwa kidole.

Kazi ni ya nani, na malipo yake

Vijana wengi wabunifu hufanya kazi kwa ahadi. Huambiwa watapata jina, watapata nauli, watapata cheti. Kujitolea ni jambo jema, na hakuna shirika dogo lililoanza bila watu wa kujitolea. Ubaya uko pale ambapo mratibu, dereva na mhasibu wanalipwa, ila mbunifu peke yake ndiye anayejitolea kwa sababu "anabofya tu kompyuta". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kikundi kinachomwita mbunifu kila wiki kwa nusu mwaka bila karatasi kinajiwekea deni.

Juu ya haki ya kazi, wengi hukosea kwa pande zote mbili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki hupatikana pale kazi inapokamilika na kuwekwa katika umbo la kudumu. Kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kuipata, ingawa husaidia kuthibitisha. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa, huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mbunifu asiyeandika makubaliano asije akashangaa nembo aliyoibuni ikiuzwa kwenye fulana. Kinachobaki kwake hata hivyo ni haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeibuni, na haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima.

Basi karatasi moja iandikwe kabla ya kazi kuanza. Itaje kazi ni nini, itakabidhiwa lini, marekebisho ni mara ngapi, malipo ni kiasi gani, faili asili zitabaki kwa nani, na kama mbunifu anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine. Karatasi hiyo humlinda kijana, na hulilinda shirika pia. Vipo vikundi vinavyopoteza nembo yao kwa sababu faili ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, naye akahamia Mombasa.

Ziko pia alama zisizoguswa. Nembo ya taifa na bendera zina sheria yake, na hazitumiwi kwenye biashara bila kibali. Alama za kaunti zisiwekwe kwenye bango la kikundi kana kwamba kaunti imelidhamini, ikiwa haikukubali. Ushauri mwingine ni wa busara tu: Kit Mikayi ni fahari ya Seme, na kila kikundi kinataka jiwe hilo kwenye nembo yake. Vikundi kumi vikiwa na jiwe moja, hakuna kinachotambulika.

Kuwafungulia wananchi mlango wa bajeti

Kuna kazi moja ambayo wabunifu wachache wameifikiria, nayo ingewasaidia majirani zao sana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwasiliane na wananchi kwa njia zinazowafikia wengi, na kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Lakini hati za bajeti ni ndefu, zimejaa majedwali, na mama wa sokoni hawezi kuacha nyanya zake asome kurasa mia mbili.

Tarehe zake hazibadiliki sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kikundi cha vijana chenye mbunifu kinaweza kuchukua hati hizo, kikatoa ukurasa mmoja kwa kila wadi: zahanati gani imetengewa fedha, barabara ipi, kisima kipi, kiasi gani, na mkutano wa kutoa maoni utakuwa lini. Namba zibaki kama zilivyo kwenye hati, na ukurasa useme zimetoka kwenye hati ipi. Mwananchi akija mkutanoni na ukurasa huo mkononi, atauliza swali la maana badala ya kusubiri soda.

Kwa anayetaka kuanza

Kijana asiye na kompyuta asikate tamaa. Penseli na daftari ndivyo vya kwanza. Achore mikono, achore watu wakiwa kazini, achore herufi. Simu ya kawaida ya skrini inatosha kujifunza Canva. Akipata kompyuta, hata ya kushirikiana na wenzake, programu za Inkscape na GIMP hupatikana bure na zinafanya kazi ya kitaalamu. Hakuna haja ya kutumia programu za wizi zinazoleta virusi kwenye mashine ya kikundi. Akae siku moja kwa mchapishaji mjini Kisumu atazame karatasi inavyokatwa na wino unavyokauka. Aweke kazi zake bora kumi mahali pamoja, na chini ya kila moja aandike ilikuwa na lengo gani.

Katiba inamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kwa watu wa umri huo, sheria za ununuzi zinatenga asilimia 30 ya zabuni za Serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Uchapishaji na ubunifu wa matangazo ni miongoni mwa kazi ambazo ofisi hununua kila mwaka. Kijana mwenye kikundi kilichosajiliwa na hesabu safi ana pa kugonga hodi.

Kwa viongozi wa mashirika, ombi ni moja: mwiteni mbunifu mapema. Mketi naye wakati mnapopanga shughuli, msimwite usiku wa kuamkia sherehe. Mumsikilize anaposema maneno ni mengi. Na akisema picha fulani isitumike kwa sababu mwenye picha hajakubali, mjue kwamba anawalinda nyinyi na anamlinda mtoto wa jirani yenu.

Kwa wazazi waliopo: mtoto anayechora kwenye ukuta kwa mkaa hajapotea. Mpeni karatasi.